Vumbi la mjini tunalipima uzito, sumu yake tunaiacha

Mijadala ya hewa chafu katika miji yetu huanza na kuishia kwenye namba moja: ni maikrogramu ngapi za chembe laini zimo ndani ya mita moja ya ujazo ya hewa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kwa chembe za PM2.5, zile zisizozidi maikromita mbili na nusu, kutoka maikrogramu 10 hadi 5. Tangu hapo kila mji unatajwa umezidi mara ngapi. Namba hiyo si ya kudharau. Utafiti wa miji sita ya Marekani uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba wakazi wa miji yenye chembe nyingi walikuwa wakifa mapema kuliko wa miji yenye chembe chache, na kilichopimwa ni uzito huo huo. Kwa hiyo simwambii mtu atupe mizani. Ninachosema ni kwamba mizani inajibu swali moja tu, vumbi ni kiasi gani, nasi tumeichukulia kana kwamba imejibu na la pili: vumbi hilo lina sumu kiasi gani.

Chukua sehemu mbili za Dar es Salaam siku moja ya kiangazi. Ya kwanza ni barabara ya udongo huko pembezoni, Goba au Chamazi, ambako kila gari likipita linaacha wingu na nguo zilizoanikwa uani zinageuka rangi. Ya pili ni ukingo wa lami karibu na makutano ya Ubungo, pale ambapo akina mama wanaofagia barabara alfajiri hukusanya vumbi jeusi, laini, lenye kung'ang'ania vidole, lililojazana kwenye kona ya jiwe la pembeni. Mtaa wa kwanza unaweza kabisa kuonyesha namba kubwa zaidi kwenye kipimo, kwa sababu udongo ni mwingi na ni mzito. Mtaa wa pili una unga wa tairi wenye zinki, unga wa pedi za breki wenye shaba, antimoni na bariamu, masizi ya dizeli, mafuta ya injini yaliyodondoka na kukauka, saruji, na majivu ya plastiki iliyochomwa usiku. Sisemi vumbi la udongo ni salama. Linaumiza mapafu, na mtoto mwenye pumu hubanwa na kifua bila kujali limetoka wapi. Lakini gramu ya huku na gramu ya kule hazilingani kwa madhara, na mizani haina namna ya kulitambua hilo.

Hili si la kudhania. Mwaka 2020 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vumbi la hewa ya Ulaya uliolinganisha uzito wa chembe na uwezo wake wa kuzalisha ndani ya mwili ile hali ya kemikali inayounguza seli. Vyanzo vilivyochangia uzito mkubwa, kama madini ya udongo na chumvichumvi zinazojiunda zenyewe hewani, havikuwa vile vilivyochangia ukali. Ukali ulitoka zaidi kwenye moshi wa kuni majumbani na kwenye metali za magari zisizotoka kwenye ekzosi, yaani za breki na mikwaruzo ya vyuma. Serikali inayopambana na uzito peke yake inaweza kushusha namba na kuuacha ukali ulivyokuwa.

Ushahidi mwingine umehifadhiwa chupani. Katikati ya miaka ya 1970 wataalamu wa viwango wa Marekani walikusanya vumbi la hewa ya mji wa St. Louis kwa muda mrefu, wakalichekecha, wakalichanganya, wakalitia kwenye chupa ndogo ili maabara za dunia ziwe na vumbi moja la kulinganishia vipimo vyao. Vumbi la Washington nalo lilikusanywa hivyo hivyo mwaka 1976 na 1977. Zilikuwa enzi za petroli yenye risasi, na gramu moja ya vumbi la St. Louis ilikutwa na zaidi ya miligramu 6 za risasi. Kifaa cha kupima uzito wa chembe kingeliona vumbi hilo kuwa ni vumbi kama jingine lolote. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, lakini risasi haiozi. Iliyotua kwenye udongo wa kando ya barabara kuu za zamani inaweza kupeperuka tena kila kiangazi.

Njia iliyozoeleka ya kujua kilichomo ni kumpelekea mkemia. Mkemia atatafuta risasi, atatafuta kadimiamu, atatafuta hidrokaboni za moshi, na atapata anachokitafuta. Tatizo ni kwamba vumbi la mjini lina maelfu ya kemikali na nyingi hazimo kwenye orodha ya mtu yeyote. Tena hata zikiorodheshwa zote, bado haijajulikana zikikutana ndani ya mwili zinafanya nini, kwa sababu zinki peke yake ni jambo moja, na zinki pamoja na shaba na mabaki ya dizeli ni jambo jingine. Vilevile risasi iliyofungwa ndani ya punje ya jiwe haina nguvu sawa na risasi inayoyeyuka mara inapoguswa na maji. Hapo ndipo kiumbe hai anapohitajika, kwa kuwa yeye hupokea mchanganyiko wote kwa pamoja, unaojulikana na usiojulikana, na hali yake ndiyo jibu.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1866 William Nylander aliona kwamba kuvumwani, ule utando wa kijivu na manjano unaojibandika kwenye magome ya miti, ulistawi katika bustani ya Luxembourg mjini Paris na kukosekana sehemu nyingine za mji huo. Wachimba makaa wa Uingereza walitegemea ndege aina ya kanari kuwaonya juu ya hewa ya shimoni hadi mwaka 1986. Katika miaka ya 1970, Bruce Ames wa California alitengeneza kipimo cha bakteria wa jamii ya salmonela ambao wamepoteza uwezo wa kujitengenezea histidini, kirutubisho wasichoweza kuongezeka bila ya kuwa nacho. Kemikali yenye kuharibu jeni ikiwagusa, baadhi yao hubadilika na kurudishiwa uwezo ule, na baada ya siku mbili makundi yao yanahesabika kwa macho matupu. Ndani ya muongo huo huo watafiti walianza kuwawekea bakteria hao mchujo wa vumbi la miji mikubwa, na jeni zao zilibadilika. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, IARC, ulikuja kutangaza moshi wa dizeli kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu mwaka 2012, na mwaka uliofuata ukatangaza vivyo hivyo kuhusu hewa chafu ya nje na chembe zake. Uamuzi huo ulihitaji ushahidi wa wanadamu wenyewe na ilikuwa sahihi kuusubiri. Ila dalili ilikuwa kwenye sahani za bakteria zaidi ya miaka 30 nyuma.

Kati ya vipimo vilivyopo leo, kinachofaa kuangaliwa kwa karibu ni cha dafnia, mdudu wa maji baridi mwenye urefu wa milimita chache, wa ukoo mmoja na kamba na kaa. Mwili wake unapenya mwanga. Chini ya hadubini unauona moyo wake ukidunda na chakula cha kijani kikipita kwenye utumbo. Vumbi huchekechwa ibaki sehemu laini, hutikiswa ndani ya maji kwa saa 24, kisha maji hayo huchujwa na kuzimuliwa hatua kwa hatua, nusu, robo, thumuni, na kuendelea kushuka. Kila hatua huwekewa dafnia 20 waliozaliwa ndani ya saa 24 zilizotangulia, watano watano katika vyombo vinne, na pembeni huwekwa wengine 20 kwenye maji safi. Baada ya siku moja, na tena baada ya siku mbili, mpimaji hukitikisa chombo taratibu na kusubiri sekunde 15. Asiyeogelea anahesabiwa. Walioshindwa kuogelea kwenye maji safi wakizidi asilimia 10, kazi yote inafutwa na kuanza upya, maana kasoro iko maabara na si kwenye vumbi. Mara kwa mara dafnia wenyewe nao hujaribiwa kwa dikromati ya potasiamu, kemikali ambayo nguvu yake kwao inajulikana, ili ithibitike kwamba kizazi hiki hakijawa dhaifu wala sugu kuliko kilichopita.

Nimekieleza kipimo hiki kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna kitu ambacho watunga sera wetu wanakihitaji sana, yaani jibu linalolinganishika. Vumbi ambalo maji yake yakizimuliwa mara 20 bado yanawakwamisha nusu ya dafnia, na vumbi ambalo maji yake bila kuzimuliwa kabisa yanawaacha wote wakiogelea, hayapaswi kushughulikiwa kwa bajeti moja na haraka moja. Halmashauri yenye mitaa mia na fedha za kushughulikia mitano inapata pa kuanzia. Na vifaa vyake si vya kutisha: chekecheke, vyombo vya kioo, mwani wa kuwalisha, hadubini ya kawaida, joto lisilopandapanda, na mtu makini asiyeruka siku.

Wapo viumbe wengine, kila mmoja na swali lake. Bakteria wa baharini Aliivibrio fischeri hutoa mwanga, na sumu ikiwagusa mwanga hufifia ndani ya dakika 15 au 30. Ni kipimo cha haraka lakini kinahitaji kifaa maalumu na vitendanishi vya kuagiza. Mnyoo Caenorhabditis elegans, ambaye Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston nchini Afrika Kusini, alimfanya kuwa kiumbe mashuhuri wa maabara, ana urefu wa milimita moja, hukomaa kwa takriban siku tatu na huzaa watoto wapatao 300. Huyu anafaa kwa madhara yasiyoua. Anaweza kuishi siku zake zote ndani ya mchanganyiko wa vumbi, lakini akazaa nusu ya watoto aliotakiwa kuzaa, au urefu wake ukadumaa. Kuna hata koo zake zilizowekewa jeni la kung'aa kijani, ambazo seli zinapoelemewa na metali huwaka kwenye hadubini. Madhara ya hewa chafu kwa mwanadamu kwa kawaida ni ya namna hiyo. Hayamwangushi mtu barabarani; yanapunguza uzito wa mtoto tumboni, yanadumaza mapafu ya mwanafunzi na kuharakisha kiharusi cha mzee. Kwa hiyo kipimo kinachosubiri kifo peke yake kitapitwa na mengi.

Kisa kinachofundisha zaidi katika uwanja huu, kwa matumaini na kwa tahadhari, ni cha Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Huko samoni aina ya coho hutoka baharini kila majira ya vuli ya kwao na kupanda vijito kwenda kuzaa. Jamii zilitumia fedha nyingi kusafisha vijito vya mjini ili samaki warudi, na wakarudi. Ila mvua iliponyesha, majike yalianza kuzunguka juujuu, yakipumua kwa shida, na ndani ya saa chache yakafa matumbo yakiwa bado na mayai. Katika baadhi ya vijito walikufa kati ya asilimia 40 na 90 ya waliorudi. Watafiti wakachanganya metali na hidrokaboni zote zinazojulikana kwa maji ya barabarani, wakawawekea samaki, na samaki hawakufa. Orodha ya wakemia ilikuwa imefika mwisho.

Kilichowatoa gizani ni samaki mwenyewe. Watafiti wa vyuo vikuu viwili vya jimbo la Washington waliloweka unga wa tairi majini, samaki wakafa kwa dalili zile zile. Kisha wakayagawa maji hayo kwa mafungu, kila fungu likajaribiwa kwa samoni wachanga. Fungu lisiloua likawekwa kando, lililoua likagawanywa tena. Kutoka kwenye mchanganyiko wa kemikali zaidi ya 2,000 walibaki na moja, na jibu likachapishwa katika jarida la Science mwishoni mwa 2020. Ni kemikali inayozaliwa pale kiungo cha tairi kiitwacho 6PPD, kinachowekwa kulinda mpira usipasuke, kinapokutana na ozoni ya hewani. Ilikuwa haimo kwenye orodha yoyote ya vichafuzi. Vipimo vya watafiti hao vilionyesha kwamba chini ya maikrogramu moja kwenye lita ya maji inatosha kuua nusu ya coho. Tairi zenye kiungo hicho zinazunguka duniani kote, Mombasa na Mwanza zikiwamo.

Sasa sehemu ya tahadhari. Samoni wa aina nyingine, chum, anaogelea kwenye maji hayo hayo bila kudhurika. Na dafnia, yule yule niliyemsifia hapo juu, alipojaribiwa kwa kemikali hiyo hakuonyesha dhara lolote. Maabara iliyotegemea dafnia peke yake ingeyapitisha maji yale. Ndiyo maana siamini katika mdudu mmoja. Sampuli moja ya vumbi inastahili kupita kwa viumbe watatu au wanne wa koo zilizo mbalimbali: bakteria, mnyoo, mdudu wa maji, na mmea, hata kitunguu cha kawaida ambacho mizizi yake imetumika kupimia uharibifu wa kromosomu tangu mwaka 1938. Wote wakidhurika, kuna moto hapo. Mmoja akidhurika na wengine wakabaki salama, huyo mmoja ndiye wa kufuatiliwa, na mkemia aitwe.

Hoja ninayoisikia mara nyingi kutoka kwa wasiokubaliana na njia hii ni kwamba mdudu hana mapafu. Ni kweli, na inabidi ijibiwe kwa uzito wake. Kipimo cha dafnia hakiwezi kusema ni watu wangapi watalazwa Muhimbili au Kenyatta. Kinachoyeyuka kwenye maji si chote kinachoyeyuka kwenye majimaji ya mapafu. Hidrokaboni za masizi hazipendi maji na huhitaji kiyeyushi kingine ili zitoke. Maji magumu ya kisima hupunguza makali ya metali, kwa hiyo maabara mbili zenye maji tofauti zinaweza kutoa majibu tofauti kwa vumbi moja. Lakini hoja hizi zinaonyesha namna ya kukifanya kipimo vizuri. Hazitoshi kukiacha. Kiwango cha uzito nacho hakina mapafu. Na matumizi ninayoyatetea ni ya kuchuja na kupanga, ni vumbi lipi lifuatiliwe kwanza na lipi lisubiri, halafu fedha za uchunguzi wa kina, zikiwamo vipimo vya damu kwa watu, ziende panapostahili.

Hoja ya pili ni kwamba sayansi hii ni ya wenye nacho. Hii siikubali hata kidogo. Kule Ifakara, Muheza na katika maabara za icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu jijini Nairobi, vijana wetu wanatunza maelfu ya mbu hai mwaka hadi mwaka kwa joto na unyevu uliodhibitiwa. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha usugu wa mbu wanakifanya kwa mazoea. Mbu jike wanaingizwa kwenye mrija wenye karatasi iliyopakwa kiuatilifu, wanakaa saa moja, wanahamishwa, na baada ya saa 24 waliokufa wanahesabiwa. Wakifa asilimia 98 au zaidi, kiuatilifu kinafanya kazi. Wakifa chini ya 90, mbu wamekuwa sugu. Hicho ni kipimo cha sumu kwa kiumbe mdogo, kwa nidhamu ile ile ya kundi la ulinganisho na kuhesabu kwa saa. Katika Taasisi ya Tiba Asilia ya Muhimbili, watafiti wamekwisha kujaribu dawa nyingi za miti shamba kwa artemia, kamba wadogo wa maji ya chumvi ambao mayai yao makavu hukaa kwenye kopo na huanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Artemia hao hao wamefugwa kwenye mashamba ya chumvi ya pwani ya Kenya, upande wa Malindi, tangu miaka ya 1980. Ni wagumu kuliko dafnia, sumu kidogo hawaishtukii, lakini wanafaa kwa maji ya chumvi, na vumbi la Dar es Salaam, Tanga na Mombasa mwisho wake ni bahari. Ujuzi upo, viumbe wapo, hadubini zipo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwapelekea vumbi.

Upande wa vifaa vya uzito nao tumepiga hatua. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umetengeneza vifaa vyake vyenyewe vya kupimia chembe, vingine vikafungwa kwenye bodaboda za Kampala, na vimesambaa katika miji kadhaa ya Afrika. Ramani ya vumbi jingi liko wapi na saa ngapi inaanza kuonekana. Ramani hiyo ndiyo ya kuongoza wapi sampuli zichukuliwe, kwani haina maana kuchota vumbi popote na kulitupia wadudu.

Dar es Salaam ina sababu yake ya pekee ya kuanza na viumbe wa majini. Vumbi la miezi mingi ya kiangazi halibaki barabarani. Mvua ya kwanza ya vuli, na hasa ile ya kwanza ya masika, inalikokota ndani ya nusu saa kwenye mifereji, mifereji inaingia Mto Msimbazi, na Msimbazi unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani hadi daraja la Selander na baharini. Njiani, kwenye bonde, kuna bustani za mchicha na matembele zinazomwagiliwa kwa maji ya mto na visima vya kando yake, na mboga hizo huuzwa sokoni siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kulitikisa vumbi ndani ya maji kwa saa 24 ni kurudia maabara kile ambacho mvua inakifanya kwenye bonde lile kila msimu. Mkulima wa Msimbazi ambaye majani ya mchicha wake yana madoadoa anastahili kuambiwa maji yake yana nguvu gani dhidi ya kiumbe hai, na asiishie kuambiwa tu kwamba mto ni mchafu, jambo analolijua kuliko wote.

Tusipotumia viumbe wadogo hao, wapo wengine wanaotumika badala yao bila ridhaa yao. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti ya jalala la Dandora, Nairobi. Watoto 328 wa maeneo ya jirani walichunguzwa, na nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kwa kiwango kilichofikia au kuzidi kikomo cha kimataifa cha wakati huo. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu kilitawanya risasi kwa moshi, vumbi na maji. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alitambua ukubwa wa hatari baada ya mwanawe mchanga kuugua na damu yake kukutwa na risasi. Alipigania haki ya majirani zake kwa miaka mingi, akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliwapa wanakijiji fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu iliirejesha hukumu hiyo Desemba 2024. Ni ushindi mkubwa. Lakini ushahidi wake wa kwanza ulikuwa damu ya watoto. Nikisoma kisa kile nauma meno, kwa sababu konzi moja ya vumbi la uwanja wa nyuma wa kiwanda, ikitikiswa majini na kuwekewa dafnia 20, ingeweza kutoa onyo ndani ya siku mbili, kabla mtoto yeyote hajatambaa juu yake. Metali zinazoyeyuka ndilo jambo ambalo dafnia hulikamata mapema.

Tanzania ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu 2007 na Kenya ina zake tangu 2014. Zote zimejengwa juu ya kiasi cha kila kichafuzi kinachotajwa kwa jina. Pendekezo langu ni kuongeza kifungu kimoja: pale ambapo vumbi lililotua, la barabarani, la jalalani au la kando ya kiwanda, linapowakwamisha nusu ya viumbe wa kipimo kwa kiwango cha uzimuaji kitakachowekwa, mamlaka ya mazingira, NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya, ilazimike kuchunguza chanzo ndani ya muda uliotajwa, hata kama hakuna kemikali moja iliyozidi kikomo chake. Wenye viwanda watapinga kwamba hawawezi kuhukumiwa kwa kosa lisilo na jina. Hawahukumiwi, uchunguzi unafunguliwa, na jina litafutwe kwa njia waliyoitumia wale wa Seattle.

Vituo vya kuanzia ninavyo: Gerezani kwenye karakana za vyuma, ukingo wa Barabara ya Mandela ambako malori ya bandari yanakanyaga breki kutwa, Ubungo, Vingunguti, na mtaa mmoja wa udongo kama Goba kwa ajili ya kulinganisha. Vumbi lifagiliwe kwa brashi na koleo la plastiki, maana la chuma linaacha metali yake ndani ya sampuli, na litunzwe pakavu. Awamu ya kwanza ichukuliwe Februari, kabla ya masika, vumbi likiwa limekaa. Ya pili Juni, baada ya mvua kuosha, ili tujue ni kiasi gani kimekwenda mtoni. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili, yabandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa husika, na nakala ipelekwe kwa kampuni iliyopewa zabuni ya kufagia barabara ile, ambayo hadi leo wafanyakazi wake wengi wanafagia wakiwa wamefunga kanga puani.